Ni nani aziandikaye nyimbo za Rombo?

Msimu wa Tamasha la Muziki unapowadia, shule zetu za Kajiado, tangu Kitengela hadi Rombo chini ya Mlima Kilimanjaro, huzikimbilia nyimbo za Kimaasai. Mwalimu humwendea mama mzee, akafundishwa wimbo, akaupeleka jukwaani. Kombe likishapatikana, au likishakoswa, karatasi hutupwa. Jina la yule mama haliandikwi popote. Nikiwa mwalimu, nimeyashuhudia haya mara nyingi mno kuweza kunyamaza.

Kazi ya mkutubi wa muziki hudharauliwa kwetu. Wengi humdhania mpangusa vumbi la santuri. Lakini hebu tutazame yaliyotukia Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey alinasa huko nyimbo za Chemirocha, yaani mwanamuziki Mmarekani Jimmie Rodgers, ambaye jina lake wenyeji walikuwa wameligeuza kwa matamshi yao. Mwaka 1954 Tracey aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Watu humsifu kwa mitambo yake. Mimi namsifu kwa kadi zake: jina la mwimbaji, mahali, lugha, ala, maana ya wimbo. Nakala ziliporudishwa Kapkatet zaidi ya miaka 60 baadaye, yalikuwapo majina ya kuulizia, na mmoja wa waimbaji wale, Cheriyot arap Kuri, akapatikana angali hai. (Kwamba kadi zetu zahifadhiwa ugenini ni aibu nyingine, nayo yahitaji makala yake.)

Wimbo wa Kimaasai wahitaji kadi hata zaidi. Aghalabu hauegemei ala yoyote ila sauti za watu: olaranyani hutangulia, wenzake wakamwitikia. Ndani yake hutajwa ng'ombe, mashujaa na malisho. Asiyejua ng'ombe yule alikuwa wa nani, wala ukame ule ulikuwa wa mwaka gani, husikia sauti tamu tu, basi. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Dharura hiyo sijaiona katika maktaba za shule zetu. Huku Kitengela ardhi ya malisho imegawanywa viwanja, na mtoto aliyezaliwa katika nyumba za kupanga hajui wimbo wa kuswaga ndama.

Walimu wenzangu, hatuhitaji mitambo ya Tracey. Simu itanasa sauti, na daftari la shilingi chache litakuwa kadi. Ruhusa ya mwenyewe iombwe kwanza, kwani sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inatambua haki za jamii juu ya sanaa zake. Nanyi wanafunzi mnaorudi Rombo likizoni Desemba, anzeni na nyanya zenu. Swali la kwanza liwe jina lake kamili; la pili, ni nani aliyemfunza wimbo huo.