Mtoto wa mchimbaji ana haki yake iniversite

Minervali tunaitoa katika mshahara wa mgodi. Basi tujue na haki za batoto. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza ubaguzi katika elimu juu ya dini, kabila, jamaa, hali ya maisha ao mahali mtu anakaa. UNILU ni ya serikali: mtoto wa Kipushi ana haki sawa na mtoto wa mkubwa.

Na popote binti akiombwa mwili juu ya pointi, hiyo ni kosa. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006 inaadhibu.

Kwetu sendika malalamiko yanaandikwa. Batoto nao baandike barua, baweke kopi, baende wengi kwa dekano. Sisi wazazi tusiwaambie: "Nyamaza, utapata diplome."