Mchina wa Assam katika mashamba ya Kericho

Chuma jani lililokomaa la mchai wa Kericho, ulilaze kiganjani. Ni kubwa na pana, limekunjamana kati ya mishipa, kingo zake zina meno kama msumeno. Wataalamu wa mimea huuita mchai Camellia sinensis, na sinensis ni Kilatini: wa China. Jani lenyewe linalikana jina hilo. Mchai wa Kichina una majani madogo, membamba na magumu, na huvumilia baridi kali. Huu wa Kericho na Bomet, nchini Kenya, kwa sehemu kubwa, asili yake ni Assam, India.

Ila jina lilitangulia. Msweden Carl Linnaeus, mwaka 1753, aliuita Thea sinensis kwa kuwa chai iliyofika Ulaya ilitoka China. Mti wa Assam ulipewa jina na Wazungu karne iliyofuata. Ilipobainika kuwa ni spishi moja, kanuni ikashika: jina la kwanza ndilo hubaki. Thea likamezwa na Camellia, jina la kumuenzi Georg Joseph Kamel, bruda Mjesuiti aliyechunguza mimea ya Ufilipino, sinensis likasalia. Kwa hiyo mchai wetu ni Camellia sinensis, aina ya assamica. Mchina wa Assam! Hata ule wa majani ya zambarau, uliotolewa na watafiti wa kituo cha chai cha Timbilil, Kericho, mwaka 2011, umo humohumo.

Warumi walibandika kiambishi -ensis mwishoni mwa jina la mahali. Hapo ndipo Wareno walipopata chinês, Waitaliano cinese, Wafaransa chinois. Wanasayansi bado wanakitumia: kule juu Mlima Kenya kuna Dendrosenecio keniensis. Mchungwa ni Citrus sinensis, na Waholanzi huliita chungwa sinaasappel, tufaha la China. Lile ua jekundu la kwenye ua wa nyumba ni Hibiscus rosa-sinensis, waridi la China, ingawa si waridi hata kidogo.

Na Sina lenyewe, lililobeba kiambishi hicho katika sinensis? Wengi hulihusisha na dola ya Qin, iliyoiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo. Waarabu nao walisema Sin. Vyombo vya kauri vya huko wakaviita sini, na bamba la kuandalia siniya. Kiswahili kikalichukua: sinia. Basi sinia la vikombe vya chai pale Litein, Kericho, ni ndugu wa sinensis, ijapokuwa halikupitia Roma.