Unauza friji za mtumba? Soma kibandiko kabla ya kupost

Wauzaji wa friji wa Kahama, Shinyanga mjini, Geita na Katoro, hii inawahusu. Mteja akiuliza "inagandisha?" tunajibu fasta. Lakini ndani kuna gesi gani? Hapo wengi kimya, na hilo ndilo linaloweza kuunguza nyumba ya mtu.

Angalia kibandiko nyuma ya friji au kwenye kompresa. Imeandikwa R134a? Hiyo kwa matumizi ya kawaida haiwaki. Ukikuta R600a, au alama ya moto kwenye pembetatu ya njano, hiyo inawaka. Ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. R290, ambayo ni propani, nayo inawaka.

Sasa usiziuze? Uza tu. Kwenye friji ya nyumbani gesi hiyo mara nyingi haifiki gramu 100, wakati mtungi mdogo wa jikoni una kilo 6. Isipovuja haina shida.

Ikivuja ndio balaa. Haijatiwa harufu kama ya mtungi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama chini. Chumba kidogo, mlango umefungwa, jiko la mkaa linawaka au swichi inatoa cheche: moto huo.

Fanya hivi:

1. Piga picha kibandiko, weka kwenye tangazo.

2. Fundi asichomelee bomba gesi ikiwa bado ndani. Asijaze gesi ya kupikia. Na friji ya R134a asiitie R600a, maana umeme wake haukutengenezwa kukaa na gesi inayowaka.

3. Ukiipakia kwenye kirikuu kwenda kwa mteja, isimame wima, mabomba ya nyuma yasigongwe. Ikifika, itulie saa kadhaa ndipo iwashwe.

4. Mwambie mteja asibandue barafu kwa kisu. Akitoboa bomba, asiguse swichi wala kuchomoa plagi. Azime jiko, afungue milango na madirisha, atoe watu nje, aite fundi.

Namba 4 mtumie kwa meseji pamoja na risiti, abaki nayo kwenye simu. Na kama fundi wako hajui tofauti ya R600a na R134a, tafuta mwingine kabla hujapokea hela ya mtu.