Usiku Kucha Ndani ya Ndege: Tuilinde Miguu Yetu

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malaria, kuhara kwa watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tukizungumzia ndege. Huenda mtu wa Haneti akacheka: ndege na sisi wapi na wapi, sisi tunaogombea kiti kwenye basi? Lakini tuhesabu vizuri. Katika vigango vyetu wamo wazazi ambao watoto wao wanaishi Ujerumani, Uholanzi, Marekani au Uarabuni. Wamo masista na mapadre wanaotumwa masomoni. Mwaka 2025, Mwaka wa Jubilei, walikuwapo Watanzania waliokwenda kuhiji Roma. Na bibi akiitwa na binti yake aliyejifungua ng'ambo, hakatai, anafunga mzigo.

Bibi wa namna hiyo ndiye aliyetufundisha somo hili, nasi tukiri tangu mwanzo kwamba tulilijifunza tukiwa tumechelewa.

Mama huyo, mkulima wa mtama mwenye umri wa miaka sitini na kitu, alikwenda Ujerumani kumlea binti yake aliyejifungua. Alikaa miezi mitatu. Wakati wa kurudi alipanda ndege usiku kutoka Frankfurt hadi Addis Ababa, safari ya saa saba hivi. Alipewa kiti cha dirishani. Kando yake walikaa wanaume wawili, wageni, na kabla ya usiku wa manane wote walikuwa wamelala. Mama akaona haya kuwaamsha. Akaamua asinywe maji ili asisikie haja. Akakaa hivyo, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, mpaka asubuhi. Addis akasubiri ameketi. Akapanda ndege ya Dar es Salaam, karibu saa tatu nyingine. Dar akapanda treni ya umeme hadi Dodoma, kisha gari mpaka nyumbani. Tangu Frankfurt hadi mlangoni kwake alikuwa ametembea hatua chache mno.

Siku ya tatu mguu wa kushoto ukavimba kuanzia muundi. Mkwe wake akaukanda kwa maji ya moto na kuuchua kwa mafuta. Alipoletwa kwetu tulipima malaria, hakuna. Tulipima shinikizo, si baya. Tukampa vidonge vya maumivu, tukamwambia ni uchovu wa safari, tukamrudisha nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akauliza: mama, ulisafiri vipi, na ulikaa kwa muda gani? Baada ya siku mbili alirudi akihema, ameshika kifua. Bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni na kupanda hadi kwenye mapafu. Tulimpeleka hospitali kubwa mjini usiku ule ule. Alipona, lakini ilikuwa karibu.

DAMU HUGANDAJE MTU AKIWA AMEKETI TU?

Moyo husukuma damu kwenda miguuni, lakini kuirudisha juu hauwezi peke yake. Kazi hiyo husaidiwa na misuli ya muundi. Kila tunapopiga hatua, misuli hiyo huikamua mishipa ya vena na kuipandisha damu, kama vile mpini wa pampu ya kisima unavyopandisha maji. Ndani ya vena mna vizibo vidogo vinavyozuia damu isirudi chini. Asiyesogeza miguu ni kama aliyeacha mpini: maji hayapandi. Damu inayokaa mahali pamoja, hasa kama mtu amekauka kwa kiu na vena imebanwa na ukingo wa kiti nyuma ya goti, huweza kuganda. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alikwisha eleza katika karne ya 19 kwamba damu huganda kwa sababu ya mambo matatu: kutuama, kuumia kwa mshipa, na hali ya damu yenyewe.

Jambo hili si la ndege peke yake. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, watu walikesha katika mahandaki wakiwa wameketi vitini. Daktari Keith Simpson aliandika katika jarida la Lancet kwamba vifo vya ghafla kutokana na mabonge ya damu mapafuni vilikuwa vimeongezeka. Hapakuwa na ndege ndani ya handaki. Palikuwa na kiti. Kwa hiyo anayetoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa basi naye anahusika, na hasa tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023.

Yafaa pia tusiwatie watu hofu kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya utafiti wake mwaka 2007. Lilisema kwamba safari ya kukaa kwa saa nne au zaidi, iwe ya ndege, gari au treni, huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Hata hivyo ni kama mtu mmoja tu kati ya 6,000 anayepatwa. Wengi hushuka ndege na vifundo vyote viwili vimevimba kidogo, viatu vikibana. Huo ni uvimbe wa kawaida na huisha kwa siku moja au mbili. Wa kuogopwa ni uvimbe wa mguu mmoja.

Walio katika hatari zaidi ni hawa: aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au kufungwa plasta mguuni, mwenye saratani, mjamzito na aliyejifungua ndani ya wiki sita, mnene sana, mtu mzima aliyepita miaka sitini, na mwanamke anayetumia vidonge vyenye homoni ya estrojeni kwa sababu yoyote ile. Utafiti ulionyesha pia kwamba warefu sana na wafupi sana huathirika zaidi. Mrefu hukunjwa magoti. Mfupi miguu yake haifiki vizuri sakafuni, na ukingo wa kiti humkata damu nyuma ya goti. Mama zetu wengi ni wa kundi hili la pili. Dawa yake ni rahisi: weka mkoba chini ya miguu uwe kama kigoda.

TUFANYE NINI?

Anayekata tiketi aombe kiti kilicho kando ya njia ya kupitia. Dirisha lina raha yake mchana, lakini usiku nje ni giza tupu, na aliye dirishani ni mfungwa wa jirani zake. Ukipewa dirisha, usione haya. Kuomba kupita ndani ya ndege si utovu wa adabu. Kila mtu hufanya hivyo, na wahudumu wenyewe huona ni jambo la kawaida. Inuka kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho, taa ya mkanda ikiwa imezimwa, tembea mpaka nyuma na kurudi.

Ukiwa umeketi, fanya kama fundi anayeendesha cherehani ya miguu. Vidole chini visigino juu, kisha visigino chini vidole juu, mara ishirini au thelathini, kila nusu saa. Hakuna atakayekutazama. Usikunje nne, wala usijaze mizigo pale miguu inapokaa. Soksi za kubana zinazofika chini ya goti zinasaidia, lakini ziwe za kipimo chako. Soksi yenye mpira unaokata ngozi hudhuru badala ya kusaidia. Mwenye vidonda vya miguu au kisukari cha muda mrefu aulize kwanza kabla ya kuzivaa.

Watu wengine hushauriana kumeza aspirini kabla ya safari. Hatushauri hivyo. Huweza kuleta vidonda vya tumbo na kutokwa damu, na haijathibitishwa kwamba inamfaa kila msafiri. Yule aliye katika hatari kubwa daktari atampa dawa inayomstahili. Kadhalika vidonge vya usingizi na pombe tuviache, kwa sababu mtu humfanya alale kama gogo saa sita bila kugeuka.

Kunywa maji. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko kiangazi chetu cha Septemba, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20. Midomo hukauka, macho huwasha. Na hapa tuseme wazi jambo ambalo wengi huona aibu kuliuliza: choo. Wazee kadhaa wametuambia walijizuia kunywa kwa sababu hawakujua choo cha ndege kinatumiwaje. Kiko katikati au nyuma. Milango mingi ya vyoo hivyo hujikunja, basi usukume katikati. Ukisukuma komeo taa huwaka vizuri. Ukibonyeza kitufe cha kusafishia, utasikia mvumo mkubwa wa kutisha. Ni hewa inayofyonza uchafu, haikufyonzi wewe.

Masikio huuma ndege inapopanda na hasa inaposhuka. Meza mate, piga miayo, tafuna kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kushuka. Mwenye mafua makali atapata shida zaidi.

WALIO NA MARADHI

Ndege huruka mita 10,000 na zaidi, lakini hewa ya ndani hurekebishwa iwe kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni sawa na kupanda kutoka kwetu na kukaa Njombe, au Addis Ababa. Mtu mzima mwenye afya haoni tofauti. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, au mwenye selimundu huweza kuiona sana. Hao waonane na daktari wiki kadhaa kabla, si siku ya kuondoka. Mwenye selimundu asikubali kupigwa na kiu wala baridi. Omba blanketi mapema.

Aliyepasuliwa tumbo siku chache zilizopita asisafiri kwa ndege, maana hewa iliyomo mwilini hutanuka huko juu. Mjamzito wa mtoto mmoja kwa kawaida huruhusiwa hadi wiki 36, wa mapacha hadi wiki 32, na mashirika mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki 28. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeambukiza asipande kabisa mpaka awe ametumia dawa kwa wiki mbili au zaidi na daktari amemruhusu. Hilo ni kwa ajili ya wale watakaokaa karibu naye usiku kucha.

Dawa zote za kila siku zikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti. Sanduku likipotelea Doha, dawa ya shinikizo imepotea nalo. Insulini isiwekwe kabisa kwenye sanduku la chini, huweza kuganda kwa baridi. Roma na Ujerumani ziko nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu, kwa hiyo nyakati za dawa hazibadiliki sana. Anayekwenda Marekani apangiwe ratiba na daktari. Katika viwanja vingi vya ndege vimiminika vya mkobani haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa chupa, isipokuwa dawa na chakula cha mtoto. Asali ya mjukuu iliyofichwa mkobani itaishia kwenye pipa, na bibi atafika Ulaya na hasira.

Neno moja zaidi kwa wanaopokea wazazi huko ng'ambo: mzazi akipata homa katika miezi ya kwanza, mwambieni daktari anatoka Tanzania. Madaktari wa huko hawaoni malaria kila siku, na huweza kuihesabu kuwa mafua.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mguu mmoja ukivimba, ukauma muundini, ukawa wa moto au kubadilika rangi, njoo siku hiyo hiyo. Usiukande. Usiuchue. Tunajua kuchua ni desturi na hufanywa kwa upendo, lakini mkono wa upendo huweza kuling'oa bonge na kulipeleka kwenye mapafu. Ukipata kuhema ghafla, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, au kukohoa damu, usingoje asubuhi. Hatari haiishi siku ya kushuka ndege. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, lakini huweza kujitokeza hata baada ya majuma kadhaa. Ukifika hospitali, tamka mwenyewe kwamba umetoka safari ndefu, hata kama hatujakuuliza.

Sisi nasi tumejirekebisha. Katika daftari la wagonjwa wa nje sasa lipo swali la safari kwa kila anayeletwa na mguu uliovimba. Mama yule alichomwa sindano za kuzuia damu kuganda, kisha akameza vidonge kwa miezi sita, akija kwetu mara kwa mara kupimwa. Sasa mjukuu wa pili anatarajiwa huko Ujerumani, na daktari amekwisha mruhusu kwa masharti yake. Amenunua soksi. Ameomba kiti cha njiani. Na kwa simu binti yake amemfundisha neno moja la Kijerumani la kuombea kupita, Entschuldigung, ambalo analitamka kwa lafudhi ya Kigogo na kulirudia kila akija kliniki.