Gamba la virusi ya Sida na sindano ya miezi sita

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama munaobaki Yanonge wakati wanaume wako karieri: virusi ya Sida ikitoka tu ndani ya seli ya mtu, iko bado kama tofali mbichi. Protini zake zimefungana kwa minyororo mirefu, na haiwezi kumuambukiza mtu.

Kisha mkasi wake mdogo, jina lake protiazi, unakata ile minyororo. Vipande karibu 1500 vinajipanga vyenyewe, bila fundi, na kujenga gamba la umbo la koni kufunika mbegu ya virusi. Muangalie mupira wa zamani wenye madoa meusi: yale madoa ya pembe tano ni 12, mengine yote ni ya pembe sita. Gamba iko vilevile: pembe tano 12 kamili, pembe sita karibu 250. Ikikosa hata moja ya zile 12, gamba haifungi sawasawa.

Tangu 1995 waganga wako na dawa ya kuzuia mkasi. Sasa kuna inayoshika gamba lenyewe, lenakapaviri. Inachomwa chini ya ngozi kila miezi sita, na vidonge siku mbili za kwanza tu. Uganda na Afrika ya Kusini, wasichana na wanawake 2134 waliipata katika utafiti uliotoa matokeo mwaka 2024. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Si chanjo, ukiiacha kinga inaisha. OMS iliipendekeza Julai 2025.

Kwa nini sindika inasema maneno ya waganga? Wataalamu wanasema virusi ilianza kuenea Kinshasa karibu 1920, ikafuata reli na mito hadi Mbuji-Mayi, Lubumbashi na huku kwetu Kisangani. Ilisafiri na watu wa kazi. Na leo, mtu anayekaa porini miezi mitatu atalinda vipi kidonge cha kila siku? Mvua inakilowesha, wenzake wakikiona wanamucheka. Sindano haionekani mfukoni.

Bei iliyotangazwa kwa nchi maskini ni dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027. Siku watakapoandika orodha ya watu wa kwanza, tunataka mchimbaji awemo. Lakini kabla ya kuchomwa ni lazima damu ipimwe, na karieri nyingi hazina hata meza ya kupimia. Tutaanza kudai hiyo meza.