MACHO WAZI, UBONGO UMELALA

Sisi wakulima wa miteremko ya Mlima Meru tunajua kukesha. Zamu ya maji ya mfereji ikiangukia usiku, hulali. Ng'ombe akizaa, hulali. Mtoto akiumwa, hulali. Wanaokwenda soko la Tengeru huamka kabla ya jogoo. Asubuhi tunashika panga kama kawaida na kusema, "Aa, ni usingizi tu." Je, ni usingizi tu? Hebu tuone.

Umeme wa ubongo

Ubongo wa mtu una chembe ndogo sana zipatazo bilioni 86. Chembe hizo hupelekeana habari kwa umeme. Umeme huo ni mdogo mno, hauwezi kuwasha hata tochi. Lakini upo, na vyombo huupima. Mwaka 1875 daktari Mwingereza, Richard Caton, aliuona katika ubongo wa sungura na kima. Mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger aliupima kwa binadamu. Chombo huuchora kama mistari ya mawimbi.

Tukiwa macho, mawimbi ni madogo na ya haraka. Tukilala usingizi mzito, yanakuwa makubwa na ya polepole. Kwa nini? Fikirini watu sokoni. Kila mmoja anaongea lake, unasikia kelele tu. Wakianza kuimba wimbo mmoja, sauti hupanda pamoja na kushuka pamoja. Ndivyo chembe zinavyofanya katika usingizi mzito. Zinanyamaza pamoja, kisha zinaamka pamoja.

Panya walionyimwa usingizi

Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza jambo la ajabu. Waliweka nyaya nyembamba katika ubongo wa panya. Saa za kulala zilipofika, hawakuwaacha walale. Kwa muda wa saa 4 waliwapa vitu vipya vya kuchezea. Panya walikuwa macho, wanatembea. Lakini ndani ya ubongo baadhi ya chembe zilikuwa zinanyamaza kidogo, kama zimelala, huku nyingine zikiendelea na kazi. Kadiri walivyozidi kukesha, ndivyo hali hiyo ilivyozidi.

Panya hao walikuwa wamefundishwa kuchukua kipande cha sukari kwa mkono. Chembe za sehemu inayoongoza mkono ziliponyamaza kabla ya tendo, panya alikosa sukari mara nyingi zaidi.

Panya si mtu, ni kweli. Lakini mwaka 2017 watafiti walieleza walichoona katika ubongo wa wagonjwa waliokesha hospitalini. Kwao pia chembe zilichelewa kujibu, na mgonjwa naye akachelewa kutambua alichoonyeshwa.

Tumeona basi hatari iko wapi. Panya alikosa sukari. Wewe mwenye panga utakosa mti na kukata mguu. Dereva wa basi au bodaboda atakosa barabara. Naye atasema, "Sikusinzia!" Labda ni kweli, macho yalikuwa wazi.

Tufanye nini?

Kwanza, tugawane zamu. Mwaka 2017 watafiti walieleza habari za Wahadzabe 33 wa karibu na Ziwa Eyasi. Katika siku 20, wote walilala kwa wakati mmoja kwa dakika 18 tu. Karibu kila wakati kulikuwa na mtu aliye macho, na wengine wakilala. Basi, baba akilinda maji leo, kesho alinde mwingine.

Pili, kahawa yetu ni nzuri, lakini haiwi badala ya usingizi. Inafukuza usingizi kwa saa chache tu. Deni linabaki pale pale.

Tatu, aliyekesha asipewe shoka, wala mashine ya kukata majani, wala gari. Alale kwanza.

Jadilianeni: Nyumbani kwenu, nani hulala kidogo kuliko wote? Je, si mama? Mtampunguzia kazi gani?