Workplace yafunga duka, makampuni yajifunza gharama ya kupanga

Na Mwandishi Wetu

UAMUZI wa kampuni ya Meta ya Marekani kufunga huduma yake ya Workplace umeyaacha makampuni yaliyokuwa yakiitumia kuzungumza na wafanyakazi wao yakitafuta pa kuhamishia mazungumzo, picha na video za miaka kadhaa.

Kwa mujibu wa tangazo lililotolewa na Meta mwezi Mei 2024, wateja waliruhusiwa kuitumia huduma hiyo kama kawaida mpaka Agosti 31, 2025. Kuanzia hapo hadi Mei 31, 2026 kilichobaki kilikuwa ni kusoma na kuchukua kumbukumbu tu, na baada ya hapo huduma kufungwa kabisa.

Workplace iliingia sokoni rasmi Oktoba 2016. Ilifanana na Facebook kwa kila hali, isipokuwa waliomo ndani walikuwa ni waajiriwa wa kampuni moja. Mkurugenzi aliweza kuhutubia kwa video moja kwa moja, mfanyakazi wa ghalani akauliza swali papo hapo, na wenzake wakaliunga mkono. Mei 2021 wenye huduma hiyo walisema ilikuwa na watumiaji milioni 7 wanaolipiwa, na miongoni mwa wateja wake yalikuwemo makampuni makubwa kama Walmart na Starbucks.

Swali linaloulizwa na mameneja sasa ni kama fedha iliyotumika ilinunua kitu cha kudumu, au ilikuwa kodi ya pango tu.

Bei na wauzaji

Bei iliyotangazwa mwaka 2016 ilikuwa dola 3 za Marekani kwa mwezi kwa kila mtumiaji katika watumiaji 1,000 wa mwanzo, dola 2 kwa wanaofuata hadi 10,000, na dola 1 kwa wanaozidi hapo. Kwa hesabu hiyo, kampuni yenye watumiaji 1,500 ingelipa dola 4,000 kwa mwezi, au dola 48,000 kwa mwaka. Yenye watumiaji 200 ingelipa dola 7,200 kwa mwaka.

Meta si ya kwanza kutoka katika biashara hii. Google ilifunga Google+ kwa wananchi wa kawaida Aprili 2019, ikawaachia makampuni huduma iliyoitwa Currents, nayo ikafungwa mwaka 2023. Yammer, iliyoanzishwa 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2, ipo bado, lakini tangu 2023 inaitwa Viva Engage. Slack ilichukuliwa na Salesforce mwaka 2021 katika mauzo ya takriban dola bilioni 27.7. Meta iliwaelekeza wateja wake kwa Workvivo, kampuni iliyoanzia Cork, Ireland, ambayo ilinunuliwa na Zoom mwaka 2023.

Kwa ufupi, katika muda wa miaka kumi na tano hivi karibu kila duka katika soko hili limefungwa, limeuzwa au limebadilishwa jina. Mnunuzi anayefunga mkataba bila kuuliza jinsi ya kuondoka na kumbukumbu zake anajitafutia matatizo.

Mazungumzo yaliyozaa kitu

Sababu ya makampuni kutoa fedha hizi inaeleweka. Taasisi ya Gallup ya Marekani, inayopima kila mwaka moyo wa wafanyakazi kazini duniani, ilitoa taarifa kuwa mwaka 2024 ni asilimia 21 tu waliokuwa na moyo wa kazi, kutoka asilimia 23 mwaka uliotangulia. Mwajiri anayesikia hivyo hushawishika haraka na muuzaji anayeahidi dawa.

Lakini mifano iliyofanikiwa inaonyesha kuwa dawa haikuwa mtambo wenyewe. Julai 2003, kampuni ya IBM ilifungua mjadala wa saa 72 katika mtandao wake wa ndani kuhusu misingi ya kampuni. Haukuwa mjadala wa video, ulikuwa wa maandishi. Wafanyakazi wanaokadiriwa kufikia 50,000 waliufuatilia, na maoni karibu 10,000 yaliandikwa. Mengi yalikuwa makali kiasi kwamba kiongozi mmoja wa juu alitaka mjadala usimamishwe. Mkuu wa kampuni wakati huo, Samuel Palmisano, aliuacha uendelee.

Kilichofuata ndicho muhimu. Misingi mipya ilitangazwa Novemba mwaka huo huo, na kwa kuwa malalamiko mengi yalihusu urasimu, IBM iliamua kuwapa mameneja wa ngazi ya chini uwezo wa kutumia hadi dola 5,000 kwa mwaka bila kuomba kibali. Aliyelalamika aliona jibu, tena jibu lenye fedha ndani yake.

Mfano wa pili ni wa Best Buy, wauzaji wa vifaa vya elektroniki wa Marekani. Mwaka 2006 wafanyakazi wawili wa idara ya masoko walianzisha mtandao wa ndani ulioitwa Blue Shirt Nation, kwa jina la shati la bluu linalovaliwa na wauza duka. Watu zaidi ya 20,000 walijiunga. Kampuni ilipotaka wafanyakazi wengi zaidi wajiunge na mpango wa akiba ya uzeeni, haikutoa waraka. Iliitisha mashindano ya video, na wauza duka wenyewe wakatengeneza filamu fupi za kuwashawishi wenzao. Kijana wa dukani alimsikiliza kijana mwenzake kuliko angemsikiliza mtu wa makao makuu.

Video na uwezo wa laini

Kwa makampuni ya Afrika Mashariki, video ina hesabu yake. Filamu ya dakika 5 yenye ukubwa wa megabaiti 50, ikitazamwa na wafanyakazi 500, inakula gigabaiti 25. Aidha, filamu hiyo inahitaji takriban megabiti 1.3 kwa sekunde kwa kila anayeitazama. Ofisi yenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde itatosheleza watu 15 tu kwa wakati mmoja, na hapo hakuna ankara wala barua pepe itakayopita.

Pakiwa hakuna laini ya ofisi, mfanyakazi hutazama kwa bando lake mwenyewe. Mwajiri anayetuma hotuba ya dakika 40 kwa dereva au mlinzi anamkata mshahara bila kumwambia. Walmart ililiona jambo hili kwa upande wake: mwaka 2021 ilitangaza kuwapa wafanyakazi 740,000 simu za bure pamoja na programu ya kampuni, na ikapanga shughuli za kazi zifunguke tu mtu anapokuwa zamu, ili kazi isimfuate nyumbani.

Kundi la WhatsApp

Huku kwetu, ofisi nyingi hazikungoja muuzaji. Mtandao wao wa ndani ni kundi la WhatsApp, ambalo tangu 2022 linaweza kubeba watu 1,024. Halina ada ya leseni na kila mtu analijua. Hata hivyo, mwenye kundi ni yule aliyelifungua na simu yake. Akiacha kazi, anaondoka na orodha ya bei, picha za risiti na namba za wateja, na kampuni haina pa kumshika.

Sheria nayo imebadilika. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Namba ya mteja au cheti cha daktari cha mfanyakazi kikisambazwa katika kundi, mwajiri ndiye atakayeulizwa.

Wala kuwashirikisha wafanyakazi si jambo lililoletwa na kompyuta. Tanzania ilianzisha mabaraza ya wafanyakazi kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970. Baraza lililopokea hoja na kuzijibu lilikuwa na maana. Lile ambalo menejimenti ilizungumza na wengine wakasikiliza halikuwa na maana. Kipimo cha mtandao wa ndani ni hicho hicho.

Kwa mwenye kampuni anayetaka kununua sasa, mambo ya kukagua ni machache. Mkataba useme kumbukumbu zitarudishwa kwa namna gani na kwa muda gani muuzaji akifunga. Video ziwe za dakika mbili au tatu, na nakala zihifadhiwe mahali pa kampuni yenyewe. Gharama ya data ya mfanyakazi iingizwe katika bajeti. Na atajwe mtu mmoja, kwa cheo, mwenye wajibu wa kujibu kila swali ndani ya siku zilizopangwa.

Ubao wa matangazo na mkutano wa asubuhi visitupwe. Wahenga walionya kutoacha mbachao kwa msala upitao, na msala wa Workplace umekwishapita.